Wahitimu wa Sekondari za Umma Marekani: Kwa Nini Kanda Moja Inapungua na Nyingine Inaongezeka? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa sana na wazazi, walimu na vijana wanaozungumza Kiswahili wanaoishi Marekani, na pia na ndugu walioko nyumbani wanaofikiria kupeleka watoto kusoma huko. Yamepewa namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwenye jingine. Ukiwa na haraka, soma la 4, la 6 na la 16.

## Mambo ya msingi

1. "Mhitimu wa sekondari ya umma" ni nani hasa?

Ni kijana aliyemaliza darasa la 12 katika shule inayoendeshwa kwa kodi ya wananchi, akapewa diploma. Waswahili wengi wa Marekani huiita tu haiskuli: madarasa manne, kuanzia la 9 hadi la 12. Shule za chata, zinazoendeshwa kwa mkataba maalumu lakini kwa fedha za umma, nazo zimo katika hesabu.

Aliyesoma Tanzania au Kenya hutafuta hapa mtihani wa taifa, kama ule wa NECTA au KNEC, na haupati. Kila jimbo hujiwekea masharti yake: masomo mangapi ya hisabati, ya sayansi, ya Kiingereza. Majimbo machache huongeza mtihani wa jimbo. Kwa hiyo diploma ya Ohio na diploma ya Texas hazikupatikana kwa njia moja, ingawa kwenye jedwali la wahitimu zinahesabiwa sawa.

Aliyepata cheti cha GED, yaani cheti cha kulingana na diploma kinachopatikana kwa mtihani, hahesabiwi kuwa mhitimu wa sekondari ya umma.

2. Nani hutoa makadirio haya?

Wako wawili wakubwa. Wa kwanza ni Kituo cha Taifa cha Takwimu za Elimu (NCES), kilicho chini ya Wizara ya Elimu ya Marekani. Wa pili ni Tume ya Majimbo ya Magharibi ya Elimu ya Juu (WICHE), yenye makao yake Boulder, Colorado. Jina la tume hii linataja Magharibi, lakini makadirio yake hugusa majimbo yote 50. Toleo lake la 11 lilitoka Desemba 2024, na takwimu nyingi za ukurasa huu zinafuata toleo hilo. Kwa nini wawili hawa hawapati namba moja? Tazama swali la 15.

3. Kilele ni lini, na ni wangapi?

WICHE iliweka kilele mwaka 2025: wahitimu takribani milioni 3.9, wa shule za umma na za binafsi kwa pamoja. Baada ya hapo idadi inashuka mwaka hadi mwaka mpaka kufikia takribani milioni 3.4 mwaka 2041, upungufu wa asilimia 13. Wengi wao, kama tisa katika kila kumi, hutoka shule za umma, kwa hiyo mwelekeo wa shule za umma ndio unaouvuta mwelekeo wa nchi nzima.

4. Wahitimu wakipungua, maana yake watoto wanafeli?

Hapana, na hili ndilo kosa linaloniumiza zaidi, kwa sababu hugeuzwa haraka kuwa lawama juu ya watoto na walimu wao. Idadi ya wahitimu inategemea mambo mawili tofauti: watoto wangapi wapo, na wangapi kati yao wanamaliza. Kinachopungua ni la kwanza. La pili limekuwa likipanda: kiwango cha kuhitimu kwa wakati katika shule za umma kilikuwa asilimia 79 mwaka wa masomo 2010–11, na kufikia 2018–19 kilikuwa asilimia 86.

Jimbo linaweza kuwa na shule nzuri mno na wahitimu wachache kila mwaka. Iowa ilihitimisha asilimia 92 ya rika lake mwaka 2018–19, lakini Iowa ni jimbo dogo kwa watu. Ukiona jedwali linasema jimbo "linashuka", uliza kwanza: imeshuka hesabu ya vichwa, au kimeshuka kiwango cha kuhitimu?

## Kanda zenyewe

5. Kanda hizo nne ni zipi?

Idara ya Sensa ya Marekani inaigawa nchi hivi. Kaskazini Mashariki ina majimbo 9, kuanzia Maine hadi Pennsylvania, New York na New Jersey zikiwemo. Magharibi ya Kati ina 12: Ohio, Michigan, Illinois, Minnesota, Iowa na jirani zake, hadi Dakota zote mbili, Nebraska na Kansas. Kusini ina 16 pamoja na jiji la Washington, D.C.; inaanzia Delaware na Maryland, inapita Kentucky, Tennessee na Florida, inaishia Texas na Oklahoma. Magharibi ina 13, Alaska na Hawaii zikiwa ndani.

Angalia mtego mmoja. NCES hufuata mgawanyo huu wa sensa, lakini WICHE huziweka North Dakota na South Dakota upande wa Magharibi kwa sababu ni wanachama wake. Ukilinganisha kanda ya ripoti moja na kanda ya ripoti nyingine bila kulijua hili, utapata tofauti isiyokuwepo.

6. Kila kanda inaelekea wapi?

Kanda tatu zinashuka, moja inapanda kidogo. Kufikia 2041, Magharibi inakadiriwa kupoteza takribani moja ya tano ya wahitimu wake. Kaskazini Mashariki na Magharibi ya Kati zinapoteza kila moja takribani moja ya sita. Kusini peke yake ndiyo inayotarajiwa kuwa na wahitimu wengi kidogo kuliko sasa.

Watu wengi hushangazwa na Magharibi. Miaka mingi Kaskazini Mashariki ndiyo iliyokuwa ikisemwa kwa upungufu, nayo Magharibi ikionekana kanda ya vijana, kanda ya kukua. Lakini California ni kubwa kiasi kwamba ikishuka, inaivuta kanda nzima chini, hata kama Idaho au jirani mwingine mdogo anajikaza.

7. Majimbo gani yanabadilika zaidi?

Kati ya 2023 na 2041, makadirio ya WICHE yanaonyesha Illinois ikishuka kwa asilimia 32, California kwa 29, New York kwa 27, Michigan kwa 20 na Pennsylvania kwa 17. Majimbo haya matano peke yake yanabeba takribani robo tatu ya upungufu wa nchi nzima. Majimbo 38 yanatarajiwa kushuka kwa kiasi fulani.

Upande wa wanaopanda wapo Tennessee kwa asilimia 15, South Carolina kwa 14 na Florida kwa 12.

Tafadhali usizisome asilimia bila ukubwa wa jimbo. Asilimia chache za Texas ni vijana wengi kuliko asilimia nyingi za Vermont.

8. Basi Kusini kote kunakua?

La. West Virginia na Mississippi ziko Kusini kwa mgawanyo wa sensa, na zote mbili zilipoteza watu kati ya sensa ya 2010 na ya 2020. Wahitimu wao nao wanakadiriwa kupungua. Ukuaji wa Kusini uko kwenye majimbo fulani, na ndani ya majimbo hayo uko kwenye miji fulani: vitongoji vya Nashville, vya Dallas, vya Charlotte, vya Orlando. Kaunti ya shamba ndani ya Tennessee inaweza kuwa inafunga shule huku jimbo lake likihesabiwa miongoni mwa yanayokua.

Kinyume chake pia kipo. North Dakota iliongeza watu kwa karibu asilimia 16 kati ya sensa hizo mbili, kwa sababu ya visima vya mafuta vya eneo la Bakken. Vibarua walikuja wakiwa vijana, wakaleta wake zao, wakazaa. Watoto hao sasa wako madarasani.

## Sababu

9. Kwa nini 2025 ndio mwaka wa kilele?

Hesabu miaka 18 nyuma, utafika 2007. Mwaka huo Marekani walizaliwa watoto takribani milioni 4.32, wengi kuliko mwaka wowote katika historia yake. Desemba ya mwaka huohuo mdororo mkubwa wa uchumi ukaanza. Nyumba zikauzwa na benki, kazi zikapotea, watu wakaahirisha ndoa na watoto. Mwaka 2010 waliozaliwa walikuwa takribani milioni 4, na 2020 takribani milioni 3.6.

Kilichowashangaza wataalamu ni kwamba uchumi uliporudi, watoto hawakurudi. Walioahirisha mtoto walizaa mmoja baadaye badala ya wawili, au hawakuzaa kabisa. Kwa hiyo mteremko unaoanza baada ya 2025 si bonde dogo la mwaka mmoja au miwili. Ni mteremko mrefu, na kila darasa la kwanza lililopokelewa katika miaka hii linauthibitisha.

10. Kama uzazi umepungua karibu kila mahali, mbona Kusini hakushuki?

Kwa sababu familia zinahama na watoto wao. Mtoto aliyezaliwa Chicago anaweza kuhitimu Atlanta. Aliyezaliwa Los Angeles anaweza kuhitimu Dallas. Sensa ya 2020 iliionyesha safari hii kwa lugha ya siasa: Texas iliongezewa viti viwili katika Baraza la Wawakilishi, ambako viti hugawanywa kwa idadi ya watu, Florida na North Carolina kimoja kimoja, na California, New York, Illinois, Michigan, Ohio, Pennsylvania na West Virginia zikapoteza kimoja kimoja.

Sababu ya kuhama anaijua kila mzazi aliyewahi kulipa kodi ya nyumba San Diego au Boston. Nyumba ya vyumba vitatu Kusini ilikuwa nafuu kwa muda mrefu, na kazi za viwandani, za maghala na za hospitali zilikuwa zinaongezeka. Wenye watoto ndio wanaohitaji nafasi, kwa hiyo ndio wanaotangulia kuondoka. Kaskazini Mashariki linabaki na watu wazima: Maine ina umri wa kati (nusu ya watu wako juu yake, nusu chini yake) mkubwa kuliko jimbo lolote, takribani miaka 45, wakati Utah una umri wa kati mdogo kuliko yote.

11. Asili na rangi za wahitimu zinabadilikaje?

Kufikia 2041 WICHE inatarajia wahitimu Wazungu wapungue kwa takribani asilimia 26 na Weusi kwa takribani 22, huku Wahispania (hasa wenye asili ya Amerika ya Kilatini) wakiongezeka kwa takribani asilimia 16 na wenye asili zaidi ya moja wakiongezeka kwa zaidi ya nusu.

Kwetu sisi kuna jambo la kujua hapa. Mtoto aliyezaliwa Bukavu, aliyezaliwa Mombasa na yule ambaye familia yake iko Alabama tangu enzi za utumwa, wote huandikwa katika kundi moja la Weusi. Kwa hiyo asilimia 22 haisemi chochote kuhusu watoto wa Kikongo walioko Kentucky au Iowa. Wanaweza kuwa wanaongezeka ndani ya kundi linalopungua, na jedwali haliwezi kukuonyesha.

12. Wakimbizi na wahamiaji wamo ndani ya makadirio?

Wamo, lakini kimyakimya. Hakuna safu yao peke yao. Wanaingia kwa kupitia uwiano wa kupanda darasa (swali la 13): shule ikiwa na watoto 100 darasa la 6 mwaka huu na 104 darasa la 7 mwaka ujao, wale wanne wa ziada wametoka mahali, na kanuni inadhani kwamba wengine kama wao watazidi kuja.

Hapo ndipo penye udhaifu. Mwaka wa fedha 2023 na ule wa 2024, Kongo (DRC) iliongoza kwa idadi ya wakimbizi waliopokelewa Marekani, na wengi wao walikuja na watoto wa umri wa shule. Januari 2025 mpango wa kupokea wakimbizi ulisimamishwa. Makadirio ya Desemba 2024 yalijengwa juu ya miaka ambayo mlango ulikuwa wazi. Mitaa iliyokuwa ikijazwa na wageni, kama baadhi ya mitaa ya Louisville, Lexington au Des Moines, inaweza kuhitimisha wachache kuliko ilivyoandikwa.

## Namba hupatikanaje, na zinaaminika?

13. Hesabu yenyewe inafanywaje?

WICHE hufuata rika moja tangu kuzaliwa. Tuchukue mfano wa kubuni. Kaunti imezaliwa watoto 1,000 katika mwaka mmoja. Miaka sita baadaye darasa la kwanza lina watoto 1,040: wamehamia wengi kuliko waliohama, uwiano ni 1.04. Darasa la 8 linafika na 1,060. Darasa la 9 huvimba, kwa kawaida, kwa sababu wasiotimiza masomo ya mwaka wa kwanza wa sekondari hubaki palepale, tuseme 1,120. Darasa la 12 wako 980, na wanaopata diploma ni 910.

Kila hatua ina uwiano wake. Wataalamu huchukua uwiano wa miaka ya karibuni, huupa mwaka wa jana uzito zaidi kuliko wa juzi, kisha huuzidisha kwa watoto waliopo sasa. NCES nayo hufuata mantiki ya jirani: hukadiria watakaokuwa darasa la 12, halafu huzidisha kwa sehemu ya wanafunzi hao ambao kwa kawaida hupata diploma.

Hakuna kinachotabiriwa kuhusu uchumi, vita au sera. Kinachofanyika ni kusema: "Mambo yakiendelea kama yalivyokuwa miaka hii ya karibuni, tutafika hapa."

14. Niziamini kwa kiasi gani?

Kwa miaka miwili mitatu ijayo, ziamini sana kwa taifa, na vizuri kwa jimbo. Watoto hao wamekwisha kaa darasani. Kilichobaki ni kuhitimu. Hata 2041 ina msingi wa kweli: takribani kila mtoto atakayehitimu mwaka huo amekwisha kuzaliwa. Lakini atahitimia jimbo gani, hilo hakuna anayelijua, na ndiyo maana makadirio ya kanda huyumba zaidi kuliko ya nchi, na ya kaunti huyumba zaidi kuliko ya kanda.

Na historia inatufundisha. Zaidi ya miaka kumi iliyopita WICHE ilitarajia kilele kiwe karibu na 2011, kwa wahitimu takribani milioni 3.4, kisha kushuka. Hakikushuka. Idadi iliendelea kupanda kwa sababu shule ziliwafikisha mwisho watoto wengi zaidi kuliko zamani, kama ilivyoelezwa katika swali la 4. Kwangu mimi hiyo ndiyo kasoro njema kuliko zote: makadirio yaliwakosea watoto, na watoto wakayapita.

15. Mbona namba za NCES na WICHE hazilingani?

Tumekwisha kutaja kanda (swali la 5) na mbinu (swali la 13). Ongeza kwamba WICHE mara nyingi hutangaza jumla ya shule za umma na za binafsi, na mwaka mmoja wa tofauti katika takwimu za kuanzia huweza kusogeza kilele. Kabla ya kubishana na mtu, angalia mambo matatu: umma peke yake au vyote? Kuanzia mwaka gani? "2025" ni mwaka wa masomo unaoanza au unaoishia?

Jambo jingine la kuangalia siku zijazo: Machi 2025 NCES ilipunguziwa karibu wafanyakazi wake wote. Makadirio ya kila mtu, pamoja na ya WICHE, hunywa kisima kimoja, nacho ni takwimu za shule zinazokusanywa na NCES.

## Maamuzi ya familia

16. Mwanangu yuko darasa la 9. Haya yananihusu vipi?

Yanakuhusu sana, na kwa faida yako. Vyuo vilijengwa kwa ajili ya vijana wengi. Vijana wakipungua, vyuo vinawatafuta. Hali haiko hivyo katika vyuo vichache vyenye majina makubwa, ambavyo vitaendelea kukataa wengi. Iko hivyo katika vyuo vikuu vya umma vya majimbo yanayoshuka, na huko ndiko kwenye karo inayolipika.

Uliza kuhusu makubaliano ya kanda. Magharibi kuna mpango wa WICHE unaomruhusu mwanafunzi wa jimbo jirani kulipa karo isiyozidi asilimia 150 ya ile ya mkazi, wakati asiye mkazi angelipa mara mbili au tatu. Magharibi ya Kati wana mpango unaofanana na huo. Majimbo sita ya New England, yaliyo ndani ya Kaskazini Mashariki, hushushiana karo kwa kozi maalumu, hasa zile ambazo chuo cha umma cha nyumbani hakina. Kusini nako upo mpango kwa kozi ambayo jimbo lenu halifundishi. Chuo Kikuu cha Maine kilikwenda mbali zaidi: humwambia mwanafunzi wa majimbo kadhaa mengine, ukiwa na alama nzuri, kwetu utalipa kile ambacho ungelipa kwenye chuo kikuu cha jimbo lako.

Idaho ilianza mwaka 2015 kuwaandikia barua wanafunzi wa darasa la 12: umekwisha kukubaliwa, hata kabla ya kuomba. Majimbo mengine yameiga, Minnesota ikiwemo. Nawasihi wazazi: barua kama hiyo ikifika nyumbani, isitupwe pamoja na matangazo. Mpe mwalimu mshauri wa shule aisome.

17. Vyuo vinafungwa. Nitajuaje kwamba cha mwanangu hakitafungwa?

Hofu hii ina msingi. Vermont, jimbo lenye vijana wachache, ilishuhudia Green Mountain College ikifungwa 2019 na Marlboro College 2020, kisha mwaka 2023 vyuo vyake vitatu vya umma vikaunganishwa kuwa Vermont State University. Pennsylvania iliunganisha vyuo vikuu sita vya umma kuwa viwili mwaka 2022, na Mei 2025 Penn State iliamua kufunga kampasi saba baada ya muhula wa masika wa 2027. Yote haya yametokea kwenye kanda ya Kaskazini Mashariki, ambako upungufu ulianza mapema.

Uliza chuo maswali matatu ya wazi kabla ya kulipa amana: Wanafunzi wapya walikuwa wangapi mwaka huu na miaka mitano iliyopita? Ithibati yenu iko salama, au mmepewa onyo? Mkifunga, nani atapokea masomo ya mwanangu? Chuo kidogo cha binafsi kisichotaka kujibu kimekwisha kujibu. Chuo cha umma kinachounganishwa si sawa na kinachofungwa. Digrii inabaki, ila kozi inaweza kuhamia kampasi ya mbali.

18. Mimi ni mwalimu. Kazi zitakuwa wapi?

Fuata watoto wa darasa la kwanza, si wahitimu. Wahitimu wa leo wanakuonyesha mahitaji ya miaka 12 iliyopita. Walimu wa lugha kwa wageni, wa hisabati na wa elimu maalumu wanatafutwa hata kwenye majimbo yanayopungua.

19. Tuhamie Kusini ili watoto wapate nafasi nzuri?

Usihame kwa sababu ya jedwali hili. Kanda inayokua ina shule zinazojaa, madarasa ya muda nje ya jengo kuu, na ushindani zaidi wa kuingia chuo kikuu cha umma cha jimbo. Na kama mtoto yuko darasa la 11 au la 12, kumbuka kwamba majimbo mengi hutaka mzazi awe amekaa miezi 12 kabla mtoto hajahesabiwa mkazi kwa ajili ya karo. Nimeona familia zikihama Juni, zikatozwa karo ya mgeni Agosti.

## Mambo ya pekee

20. Ni kweli California ina marika ya "miezi 11"?

Kweli. Zamani mtoto aliyetimiza miaka 5 kufikia tarehe 2 Desemba aliingia chekechea. Sheria ya mwaka 2010 ilirudisha tarehe hiyo nyuma mwezi mmoja kila mwaka, kuanzia 2012 hadi 2014, mpaka 1 Septemba. Kwa hiyo madarasa matatu mfululizo yalipokea watoto wa miezi 11 badala ya 12. Madarasa hayo huhitimu 2025, 2026 na 2027. Sehemu ya mteremko wa California katika miaka hiyo imetokana na kalenda tu.

21. Maafa, kama kimbunga au ugonjwa, yanaingiaje?

Yanaingia kama kovu. Baada ya kimbunga Katrina mwaka 2005, wahitimu wa Louisiana walishuka ghafla na wengine wakahitimia Texas. Baada ya kimbunga Maria mwaka 2017, watoto wa Puerto Rico, kisiwa kilicho chini ya Marekani, walijaza shule za Florida ya kati. Msimu wa vuli wa 2020, wakati wa korona, wanafunzi wa shule za umma walipungua kwa asilimia 3, kutoka milioni 50.8 hadi milioni 49.4, upungufu ukiwa mkubwa zaidi kwa wadogo wa chekechea. Mwaka wa namna hiyo ukiingia kwenye wastani, huupotosha uwiano kwa miaka kadhaa.

22. Vocha za shule za binafsi zinapunguza wahitimu wa umma?

Zinaweza kuwahamisha bila kuwapunguza. Vocha ni fedha za umma za kulipia shule ya binafsi. Arizona ilifungulia vocha kila mtoto mwaka 2022, Florida 2023, na Texas ilisaini sheria yake Mei 2025. Mtoto akitoka shule ya umma kwenda ya binafsi, safu moja inashuka na nyingine inapanda, naye bado anakula chakula cha jioni kwenye nyumba ileile. Ndiyo maana kwa majimbo haya ni vyema kusoma jumla ya umma na binafsi.

23. Wanaosomea nyumbani?

Kwa sehemu kubwa hawamo katika safu ya umma. Kila jimbo huwahesabu kwa namna yake, na mengine hayawahesabu kabisa.

24. Puerto Rico na Washington, D.C. ziko wapi?

D.C. imo ndani ya Kusini na ndani ya jumla ya taifa. Puerto Rico, Guam na visiwa vingine huandikwa chini ya jedwali la NCES, nje ya jumla.

25. Mwanangu alifika kutoka kambini akiwa na miaka 17, akaingizwa darasa la 9. Atahesabiwa?

Akipata diploma, ndiyo, atahesabiwa mhitimu wa mwaka atakaoipata, hata akiwa na miaka 20 au 21. Majimbo mengi huruhusu kukaa sekondari hadi umri huo. Hesabu ya wahitimu haijali umetumia miaka mingapi.

Kiwango cha kuhitimu kwa wakati, kile cha swali la 4, ndicho kinachojali: anayemaliza katika mwaka wa tano hahesabiwi kuwa amemaliza kwa wakati. Ndiyo maana baadhi ya shule humsukuma kijana wa umri mkubwa kwenye GED, akitoka kwenye kitabu chao mapema. Sheria ya jimbo ikimruhusu kukaa na yeye anataka kukaa, mzazi una haki ya kukataa. Omba kikao na mshauri, omba mkalimani wa Kiswahili, ambaye shule inapaswa kukupatia bila malipo, na uulize ni masomo mangapi yamebaki kabla ya diploma. Ukipewa karatasi ya kusaini siku hiyo, ichukue nyumbani kwanza.